Machipukizi Aliyoyakata Mama

Mjukuu wangu Kwamboka,

Hapa Keumbu sote tu wazima, na babu yako amerudi kuchuma majani chai. Unauliza kama uende ile shule ndogo ya Waldorf. Baba yako anasema shule isiyopanga watoto kwa namba baada ya mtihani si shule.

Nikiwa na umri wako, mama alishika panga akakata machipukizi ya migomba yetu. Kila mgomba aliuachia mawili tu, kubwa tunaloliita binti na dogo tunaloliita mjukuu. Majirani wakasema, "Huyu anawanyima watoto chakula." Hata mimi nililia. Ndizi zilipokomaa, mkungu mmoja ulibebwa na watu wawili.

Nenda, mama. Baba yako niachie mimi. Wakikuuliza umekuwa namba ngapi, waambie wangojee mkungu.

Ni mimi magokoro, nyanya yako.