Mtoto Angoje Hadi Lini? Kumbukumbu ya Elieza, Dresa wa Makambako

Umetimia mwaka, Elieza, tangu homa ya mapafu ikuchukue, Machi 1958, mvua zikiwa zimefunga barabara ya Njombe.

Ulikuwa mtu wa kuuliza. Pale zahanati ya Makambako, ulikofunga vidonda na kugawa dawa, ulimsalimia mgonjwa "kamwene", kisha maswali yakaanza, hadi wazee wakasema dresa huyu atataka kujua hata mbuzi wao wamelalaje.

Hukupenda kumzungumzia Lukas, mwanao wa kwanza. Alizaliwa na moyo wenye kasoro. Akinyonya alitoka jasho, akaacha, akaanza tena. Mliambiwa mngoje, akikua atapona mwenyewe. Mkangoja, wewe na mkeo Tabea. Mlimzika akiwa na miaka minne.

Ndipo akazaliwa Emilia, binti wa mdogo wako Yoeli. Ulipomsikiliza kifuani ulisikia mvumo usiokatika, kama wa mashine ya kusaga. Tangu siku ile, kila mwezi ulimpima uzito na kuandika. Alipofikisha miaka miwili, uzito ukagoma kupanda.

Mkampeleka kwa daktari wa misheni, Njombe. Alieleza kwamba kuna mshipa karibu na moyo ambao hujifunga wenyewe mtoto akishazaliwa. Wa Emilia ulibaki wazi. Nairobi wangeweza kuufunga, lakini kumpasua mtoto mdogo hivyo ni hatari. Afadhali afike miaka saba. Yoeli anakumbuka ulivyosimama, kofia mkononi.

"Daktari, sisi tukingoja, na moyo wake unangoja?"

Hakukasirika. Alisema hajui, akaandika barua Nairobi. Ukaomba na karatasi yako ya uzito iwekwe humo. Baada ya wiki saba jibu likaja: mleteni sasa, kabla mapafu hayajaharibika.

Anyisile, mama wa Emilia, hakutaka mwanawe apasuliwe. Hukumlazimisha, wala hukumwahidi kwamba mtoto atarudi mzima. Ulikaa naye jikoni ukamwambia, "Shemeji, kumpeleka naogopa. Kungoja nimeshaona."

Kesho yake alifunga mzigo. Mlisafiri siku sita, kwa malori na mabasi. Emilia alirudi na kovu ubavuni, akila viazi kama mkata miti ya miwati. Sasa ana miaka minane, anapanda mlima kwenda shule na wenzake.

Juzi alikuja mama kutoka Mawengi kukuulizia, mgongoni mtoto mwenye midomo ya bluu. Hakuwa amesikia kwamba umefariki. Alitaka kujua angoje au aende. Sisi hatujui mambo ya moyo, na ugonjwa ule haukufanana na wa Emilia. Tabea alimpa uji, akamuuliza yale uliyozoea kuwauliza akina mama: ananyonyaje, analalaje, anachoka lini. Yoeli aliyaandika majibu, kisha akamsindikiza kwa daktari asubuhi ileile.

Tunaokukumbuka ni mkeo Tabea, mdogo wako Yoeli, shemeji yako Anyisile, na Emilia, ambaye siku hizi anauliza kwa nini mshipa wake haukujifunga wenyewe kama wa watoto wengine. Bado hatujapata wa kumjibu.

Tutakukumbuka siku zetu zote.