Kaseti ya Mashati Saba

Mwaka mzima unatimia leo, dada, tangu Jumanne ile ulipotuacha, na hii ni mara ya tatu tunajaribu kukuandikia tangazo la kumbukumbu.

Mara ya kwanza aliandika kaka yetu mkubwa. Unamjua: amefundisha hesabu miaka thelathini, lakini akipewa kalamu ya msiba anageuka mshairi. Aliandika kwamba machozi yetu hayajakauka. Nikamwambia ya kwangu hata hayajaanza. Akasema, "Hayo hayaandikwi gazetini." Mara ya pili tuliandika pamoja, tukagombana kwenye mstari wa nne. Mwishowe akasalimu amri, akanisukumia karatasi: "Haya, andika wewe uliyekaa naye dukani. Ila usituaibishe." Kwa hiyo nakuandikia mimi, mdogo wako, kwa niaba ya wote, na nitajitahidi nisiwaaibishe sana.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa dobi. Miaka ishirini na miwili tulifua na kupiga pasi katika chumba kimoja, wewe kwenye meza ya dirishani, mimi kwenye meza ya mlangoni. Nyuma yetu kulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia binti yako akifanya kazi zake za shule juu ya sanduku la sabuni, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa muuguzi.

Ulikuwa huwezi kumsalimia mtu bila kumnyoosha kola. Wateja, wapita njia, watu usiowajua kabisa. Hata daktari wako: alipoingia na majibu mkononi, ulimwambia ainame kwanza. Akainama. Nilikuwepo, na niliona jinsi alivyokosa pa kuanzia.

Huruma yako ilikuwa haiombi ruhusa. Mlinzi wa jengo la jirani alipoitwa kwenye usaili naye hana shati la maana, ulimvalisha shati la mteja lililokaa wiki mbili bila kuchukuliwa. Mwenye shati akaja asubuhi ileile. Mimi nikainama nikajifanya natafuta hanga. Wewe ukamwambia bila kupepesa macho, "Shati lako limeenda kwenye usaili. Rudi saa nane." Saa nane akarudi, na kabla hajadai chochote akauliza, "Limepata kazi?" Lilikuwa limepata.

Na kila siku ya kazi ulitaka kaseti yako. Moja tu, ya wale wawili wa magitaa, waliotunga nyimbo zao wenyewe na kuziimba kana kwamba wamekaa jikoni kwao: nusu zilifanana na nyimbo za bibi zetu, nusu na za redioni. Nyimbo kumi, tano kila upande. Kwenye jalada wamekaa kiti kimoja, wametugeuzia migongo, na mpaka leo sijui sura zao.

Saa ya ukutani ulikuwa huiamini, kwa hiyo kazi ulipima kwa kaseti. Upande wa kwanza ulikuwa mashati saba. Upande wa pili matano, kwa sababu wimbo wa nane, ule wa mtu anayepaka rangi nyumba ambayo ameshaihama, ulikuwa unakufanya uweke pasi chini. Hukuniambia kwa nini, na mimi sikukuuliza. Mteja akitaka kujua nguo zake zitakuwa tayari lini, ulimjibu, "Nikishageuza kaseti," kana kwamba dunia nzima inajua hiyo ni saa ngapi. Kulikuwa na wakili mmoja aliyekuwa akisimama nje mpaka wimbo uishe, simu sikioni, akijifanya anaongea na mtu.

Tuliimba nao. Wewe sauti ya kwanza, mimi ya pili. Hatukupanga, ila wewe ndiye mkubwa.

Sasa niseme lile ambalo kaka hakutaka liandikwe. Jumanne ile shemeji alipiga simu kutoka hospitali saa nne na robo. Nilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa shati la bluu. Nilimsikiliza, nikasema sawa, nikaweka simu. Nikamaliza ule mkono. Nikapiga kola, nikalitundika shati, nikalifunga kifungo cha juu. Ndipo nikafunga duka.

Tangu hapo nimekufa ganzi. Msibani nilipika, nilipokea wageni, nilikumbuka nani hatumii sukari. Watu wakanisifu: "Amejikaza kweli." Sikujikaza, dada. Hapakuwa na kitu cha kukikaza. Nilikuwa nawatazama wanaolia, nikiwaza kwamba leso zao zitahitaji kulowekwa.

Kaseti sikuigusa. Ilibaki ndani ya redio palepale ulipoiacha, nikawa nafanya kazi kimya, nikiitazama saa ya ukutani. Shemeji alidhani naogopa kulia. Laiti. Niliogopa kuiwasha nisisikie chochote. Maana kama kuna mahali ulikuwepo kuliko mahali pengine popote, ni mle. Kama mle usingekuwemo, basi ningekuwa nimekupoteza moja kwa moja, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita binti yako alikuja dukani akitoka zamu, bado amevaa sare yake ya uuguzi. Hakuzunguka.

"Mama mdogo, nataka kusikia ile kaseti."

"Redio mbovu," nikamwambia.

"Mbona taa yake inawaka?"

Ni wewe mtupu. Nikajifanya napanga mashuka. Akasogea, akayashika mashuka upande wa pili, tukayakunja pamoja. Kisha akasema, "Nimeanza kuisahau sauti ya mama. Uso ninao, picha zipo. Sauti inanitoka. Juzi nilikaa nikijaribu kumsikia akiniita tu jina langu, nikashindwa."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikawasha pasi, kwa kuwa kaseti ile sijui kuisikiliza mikono ikiwa mitupu, nikabonyeza. Yeye akakaa kwenye kiti chako.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Magitaa yakaanza, mmoja akaingia, mwingine akamfuata. Nikapiga shati la kwanza, la pili, la tatu, huku najichunguza kama mtu anayegusagusa kwa ulimi jino lililokuwa likimuuma. Hakuna. Nilisikia watu wawili wanaoimba vizuri, basi. Upande ukaisha, redio ikajizima yenyewe, na mashati yalikuwa saba. Hata hilo halikunigusa. Niliona tu kwamba hesabu imetimia.

Lile nililoliogopa mwaka mzima ndilo lililokuwa limetokea, na nilikuwa nimesimama tu na pasi mkononi.

Binti yako alikuwa amefumba macho. "Sauti yake ilikuwa ipi kati ya hizi mbili?" akauliza. "Mimi kule nyuma ya pazia nilikuwa nasikia kitu kimoja."

"Ya kwanza."

"Niimbie basi, kama alivyokuwa anaiimba yeye."

Nikafungua mdomo, dada, na haikuja. Miaka ishirini na miwili nilisimama hatua nne kutoka kwako, na sikuwa na mstari wako hata mmoja. Nilijaribu wimbo wa pili, nikajaribu wa nne. Kila nikianza yako, nateleza naangukia kwenye yangu. Mtoto ananitazama. Sijawahi kuona aibu kama ile mbele ya mtu niliyemfungia kamba za viatu.

"Sina," nikamwambia. "Nina ya kwangu tu."

"Imba hiyohiyo."

Sidhani kama uliwahi kusikia sauti ya pili ikiwa peke yake. Inachekesha. Nilianza ule wimbo wa kwanza, wa barua iliyorudi kwa mwandishi, redio ikiwa imezimwa. Sauti yangu inaanzia katikati ya neno. Inapanda bila sababu, inanyamaza ghafla, inarudi na "ee, ee" mbili kana kwamba inamkubalia mtu ambaye hayupo. Binti yako alicheka mpaka akashikilia meza. Mimi nikaendelea, maana unajua nikianza kitu huwa sikiachi.

Nikifika palipo zamu yako, nanyamaza. Sihesabu. Nangoja tu kiasi kinachostahili: unavyovuta pumzi, mstari wako, na ule mtindo wako wa kulivuta neno la mwisho kupita hata wenye wimbo wao, ukawaacha wale wa kaseti wameshatangulia mbele huko. Ndipo naingia.

Katika ubeti wa pili binti yako aliacha kucheka. Nilimwona midomo inatembea. Nilipofika kwenye kimya kingine, akanyanyua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo alikuwa anavuta."

"Anavuta, ndiyo."

"Nimemsikia."

Akalia, akafunika uso kwa taulo la mteja. Nikamwacha, taulo ni la kufua tu. Akanionyesha kwa mkono niendelee, nami nikaendelea.

Mimi sikulia, dada, na sitakubali iandikwe kwamba nililia. Ganzi yangu bado ninayo, naamka nayo na kulala nayo. Lakini wimbo ule niliuimba hadi mwisho, beti zote nne, mbele ya mtoto wako. Kila mahali pa kukungoja nilikungoja, na sikukupunguzia hata pumzi moja.

Wanakukumbuka mumeo, fundi umeme, ambaye hajabadilisha upande wake wa kitanda; binti yako, muuguzi; baba yetu; kaka yetu mkubwa, aliyesoma haya yote, akaondoa koma mbili, akarudisha karatasi; wifi zako na wateja wako wote; na mimi, mdogo wako.

Hatutakusahau, dada, maadamu tuko hai.