Rimu ya Nne ya Pijo

Baba Olima,

Ukiamka, chai iko kwenye chupa, viazi vimefunikwa sahani. Ile rimu ya gurudumu uliyoificha bandani usiitafute. Nimeibeba mimi kwa bodaboda, nairudisha kanisani.

Najua hiyo Pijo, gari la marehemu baba yako, unaifufua kwa jasho la mgodini. Rimu za kung'aa za Sirari umezikataa kwa kuwa yeye hakuzitumia, na mimi nilikuunga mkono. Lakini hii ya nne aliitoa mwenyewe iwe kengele ya kanisa, nawe jana umeifungua mtini bila kumuuliza mtu.

~~Huo ni wizi.~~ Hukufikiri, basi.

Leo Jumapili kengele haikulia. Saa tatu nimemkuta mama yako uani, amevaa gauni la kanisani, Biblia mapajani. Nikamwambia ibada imeshaanza. Akaniuliza, "Mbona leo Mzee wangu hajaniita?"

Gari litafutie rimu nyingine, zozote, mradi nne zifanane. Spana ziache kwanza.

Nikifika nitaipiga mwenyewe. Ukiisikia, mshike mama mkono, umlete.

Mama Olima