Kadi Mpya Kabla ya Funguo

Jumamosi, 2 Machi 2024
Pointi za kadi yangu ya nne ya mkopo zimeingia! Tikiti mbili za ndege za Honolulu, bure kabisa. Curt kacheka: eti siku moja nitambadilisha hata yeye kwa pointi. Nimemwambia mume wa aina yake haleti pointi nyingi.

Lakini basi. Tressa, afisa wa mikopo ya nyumba, ameniambia wazi: maombi ya kadi yameshusha alama zangu za kukopesheka. Tumepita chupuchupu. Tukifungua kadi nyingine kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, mkopo unaweza kukataliwa. Na mimi nyumba ile ya Lakeside naitaka. Nimechoka kukanyagwa kichwani na mabuti ya jirani wa juu. Sifungui kitu!

Jumatano, 6 Machi
Duka la nguo. Keshia, kwa tabasamu lote: ukifungua kadi yetu leo unapunguziwa robo ya bei. Mkono uliniwasha! Nikalipa bei kamili, nikaondoka kichwa juu. Nyumbani, barua nyingine ya kunishawishi nifungue kadi — pointi elfu sitini. Nimeichana vipande vipande. Curt kapiga makofi.

Jumapili, 10 Machi
Maboksi kila mahali. Curt anafunga vyombo huku anacheka peke yake. Kuna nini? "Tulia, mke wangu, utaona."

Jumanne, 12 Machi
Tressa kapiga simu asubuhi. Keshokutwa tunasaini, na kabla ya kusaini wao hukagua upya rekodi zetu za madeni. Wamekuta kadi mpya! "Marlys, tulikubaliana nini?" Nimeapa si yangu. Akaangalia rekodi tena. Kisha: "Kweli, si yako. Ni ya Curt."

Curt! Mtu anayeficha noti kwenye soksi! Mtu ambaye miaka yote ameziita kadi zangu ugonjwa!

Nimemkuta jikoni. Kwanza kacheka, anadhani nimegundua zawadi. Ni friji — ile ya buluu, ya milango miwili, niliyosimama kuikodolea macho dukani kama mtoto. Wamemwambia afungue kadi yao apunguziwe bei. "Si wewe uliyenifundisha? Nikaona na mimi nikufurahishe." Nikamweleza kuwa katazo la Tressa lilikuwa letu sote, si langu peke yangu. Uso ukamshuka. Nilitaka kumpiga na kumbusu kwa wakati mmoja. Nimelia kidogo, kwa hasira na kwa huruma.

Nimenawa uso. Nyumba hii siiachi! Friji itarudi dukani leo. Nimempigia Tressa: kurudisha friji hakufuti kadi, kasema, lakini tukiandika maelezo ya kweli, yote, kabla benki haijafungwa, atatupigania. Yote, karudia. Wakikuta jambo jingine baadaye, yeye hana la kufanya.

Curt anaandika mezani, ulimi nje. Mimi naandika hapa ili nisimsimamie. Nimeshamwambia tutashinda, na naamini.

Sasa kainua kichwa. "Mke wangu, usikasirike. Kadi ya duka la vitanda nayo niiandike?"