Maziwa ya Siani

Ijumaa, 18 Oktoba

Amefika! Siani. Poni jike wa mlimani, mbavu nje, mkia umejaa miiba. Delyth wa kituo cha kuokoa farasi kamleta kwa trela. Mvua, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kushuka tu akageukia barabara aliyotokea, akalia. Sauti kubwa kwa mnyama mdogo vile!

Mtoto wake amebaki kituoni. Ana miezi sita, wakati wake wa kuachishwa ziwa umefika, na dawa ni moja: wasisikiane. Ndiyo maana tumefaa sisi, nyuma ya mlima. Delyth alinishika mkono. Akasema kiwele kitajaa, kitauma, kisha kitakauka chenyewe. Nisikiguse. Nikimkama, mwili utadhani mtoto yupo, utatengeneza maziwa mengine. "Huruma yako itie mfukoni, Lowri." Nikatia sahihi. Siani ni wetu kumlea, si wetu kummiliki. Tukimharibu, anarudi.

Mume wangu Iwan anauliza huyu atalia mpaka lini. Nimemwambia siku mbili tatu. Tangu niolewe ni kondoo, kondoo, kondoo — nilitaka mnyama mmoja ambaye hatumuuzi wala hatumli.

Jumamosi, 19 Oktoba

Analia. Nikianika nguo analia, nikimwogesha mwanangu Mabli analia. Kiwele kimekaza kama ngoma, maziwa yanamdondokea kwatoni. Hataki nimguse hata shingo.

Nain, mama yake Iwan, alikuja kumchukua Mabli. Akasimama uani na mwavuli wake. "Mia nzima ya kondoo, na bado umeleta mdomo mwingine!" Halafu: "Atanyamaza tu. Mbona wewe ulinyamaza?" Akacheka.

Hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini ni mwezi uliopita tu nilipomwachisha Mabli ziwa: niko humu ndani na majani ya kabichi baridi kwenye sidiria, Mabli yuko kwa Nain siku tatu asininuse, nami nimejifungia bafuni na bomba nimelifungulia ili nisimsikie. Nyumba zetu zinatazamana! Nilimsikia.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefanya.

Kidogo tu. Iwan na mama yake wako kanisani, Mabli amelala. Nilichukua kikombe cha plastiki nikaingia bandani. Akanipa mgongo, nikajua teke linakuja. Kumbe! Aliutanua mguu, akashusha kichwa, mdomo wa chini ukalegea. Akashusha pumzi ndefu. Na mimi vilevile. Maziwa nikayamwaga mferejini, kikombe nikakiosha mara mbili.

Mara moja haiwezi kumdhuru.

Jumanne, 22 Oktoba

Si mara moja. Asubuhi kabla sijaenda kazini kwangu, jikoni mwa shule, na jioni nikimpelekea nyasi kavu. Haililii barabara tena. Ananililia mimi! Akiniona anakuja mbio. Iwan amesimama getini mdomo wazi: "We mwanamke, umempa limbwata? Mimi akiniona ananionyesha matako tu!" Nikacheka naye. Sikumwambia. Usiku akampigia kaka yake kunisifia, mke wangu ana mkono wa kufuga farasi, na mimi niko hapo hapo namenya viazi. 

Kibaya zaidi ni kwamba nafurahi. Nimekaa mahali pa yule mtoto, na nafurahi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Simu ya Delyth. Kiwele je? Nikasema kinapungua. Uongo ulitoka laini kama siagi! Akasema hongera, wengi hushindwa hapo. Kisha akanipa habari njema: mtoto wa Siani anakula, anakimbizana na wenzake, kamsahau mama yake.

Kamsahau. Nikaweka simu, nikaenda bandani.

Kesho naacha. Kesho kweli.

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi niliacha. Jioni sikuweza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kiwele upande wa kushoto ni moto. Jiwe! Yaliyotoka yana mabonge kama maziwa mgando. Ameacha kula.

Nain aliingia bandani bila hodi. Akainama, akaminya, akaninyooshea kidole kilicholowa. "Nani anamkama huyu?"

Nikaanza kupanga nyasi kavu.

"Iwan hawezi kukama hata chupa. Basi nimeshajua."

Nilitaka anitukane. Ningepumua. Akajifuta kidole kwenye aproni. "Siku zile tatu za Mabli, alikaa mlangoni kwangu anakuita. Mimi nimekaa sakafuni nimemshika, nalia kuliko yeye. Ulidhani nilikuwa nacheza, mwanangu? Haya, piga simu."

Nikapiga. Nikamwambia Delyth kimevimba. Hakuuliza kwa nini, nami sikusema. Kesho anakuja na daktari wa mifugo. Na trela.

Jumapili, 27 Oktoba

Wamefika. Naandika nimesimama jikoni, birika liko motoni.

Daktari alijaribu kumshika — teke. Delyth akajaribu — teke, ndoo ikaruka. Iwan akasema ngojeni, aitwe Lowri, mke wangu ndiye anayemjua. Na kifua amekitoa mbele!

Nikaingia. Siani akaja, anachechemea, miguu ya nyuma ameipanua kwa maumivu. Akapita ubavuni kwangu. Akageuka. Akautanua mguu, akashusha kichwa, akasubiri.

Mbele ya wote.

Daktari akatazama viatu vyake. Iwan alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa. Delyth alielewa.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mbili."

"Tangu lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Na nilipokupigia Alhamisi?"

 Hapo Iwan naye akaelewa. Akatoka nje.

Daktari anasema sindano peke yake haitoshi. Sasa lazima akamwe kabisa, leo, kesho na keshokutwa, mpaka yatoke safi, la sivyo upande ule unakufa. Itamuuma sana. Na mwingine hamkubali. Delyth akaitazama trela, akamtazama Siani, mwisho akanitazama mimi. Nikangoja aseme. Akasema: lete maji ya moto na taulo. Basi.

Sijui kama ni vya kumtibu abaki au vya kumtuliza aondoke. Sikuthubutu kuuliza. Huko nyuma yangu nilisikia wanashusha sauti.

Dirishani naona mlango wa trela uko wazi, ndani wametandika nyasi kavu. Siani amegeuzia kichwa huku nyumbani. Anaita. Mkono huu huu alioupenda ndio unakwenda kumuumiza, na bado anaita.

Maji yamechemka.