Muuaji Wangu na Muuaji wa Kabula

Basi Limi mjukuu wangu, pale basi lako liliponikatisha, nilikuwa nakwambia kwa nini shoga yangu Kabula hayumo kwenye picha za harusi yangu. Mwangaluka kwanza, umeamkaje! Babu yako mzima, pamba tumeshavuna.

Ni video, mwenzangu. Mimi niliiona Maswa kibandani, picha ya kipolisi, gari moja tu mwanzo mpaka mwisho. Muuaji alikuwa daktari. Baadaye Kabula akaiona Bariadi, jina lile lile, kisu kile kile ndani ya gunia la unga, eti muuaji ni mke wa marehemu!

"Muongo, ulisinzia!" nikamwambia mbele ya wanawake wote kisimani. Harusini hakuja.

Sasa unaniandikia wenye picha ile walitengeneza kwanza ya televisheni kwa hela kidogo, halafu wakairudia ya sinema, wakabadili muuaji. Kumbe inaruhusiwa? Kwa hiyo wote tulisema kweli, na miaka yote tukikutana sokoni kila mtu anatazama nyanya zake? Sielewi hata nani amuombe nani msamaha. Jana nimempelekea barua yako asomewe.

Ngoja, babu yako anaita: "Mama Ng'wasi! Kabula yuko mlangoni, anauliza kama umesinzia!"