Fujo ya mwalimu Kalunga

Martine, niko matangani kwa mwalimu Kalunga na watu wanacheka! Mjane wake ametuelezea ya 1988, wakati wa Zaire, kila mutu akiitwa Citoyen, yaani mwananchi.

Mwalimu alikuwa ukumbini anafundisha: kuna mawe ya kutengenezwa, yakipozwa sana umeme unapita bila kupotea, hata ndani mukiwa fujo tupu, chembe hazikujipanga.

Komisera, mukubwa wa serikali, akasimama. "Citoyen, unasema fujo ni nzuri?"

FUJO NI NZURI! Mbele ya Komisera! Kalunga akaiona jela.

"Hapana, Citoyen Komisera! Fujo ni ya mawe ya Ulaya. Mawe ya Zaire yanajipanga yenyewe."

Yanajipanga, Martine! Yenyewe! Ukumbi ukalipuka makofi.

Papo hapo umeme ukakatika muji muzima.

Giza. Makofi yakakoma.

Halafu sauti ya Komisera: "Nani amewaambia muache kupiga makofi?"